Neno "Quarrel": Malalamiko Yaliyogeuka Kuwa Ugomvi

Maneno ya lugha yana ukoo kama watu walivyo na ukoo. Neno moja hukaa katika nchi lilikozaliwa, na jingine hufunga safari likavuka bahari, likabadili mavazi na tabia, hata jamaa zake wa zamani wakilikuta njiani wasilitambue. Sisi tulio walimu wa lugha twawafundisha watoto maana ya neno jinsi lilivyo leo, nayo ni kazi ya lazima. Lakini mara kwa mara yafaa kuuliza pia, Neno hili latoka wapi, na huko kwao lilikuwa na maana gani? Maana mara nyingine jibu lake si elimu ya vitabu tu, bali ni shauri jema kwa watu wakaao kijiji kimoja.

Basi twapenda kuwaeleza wasomaji habari za neno moja la Kiingereza, ambalo kila mtoto wa shule hujifunza mapema, yaani "quarrel". Mtoto akiulizwa maana yake hujibu bila kusita, "Ugomvi"; naye amejibu sawa. Watu wawili wakipaaziana sauti sokoni, hiyo ni "quarrel". Mume na mke wasiposemezana siku tatu, ni hiyo hiyo. Si neno la vita vya mataifa. Ni neno la nyumbani, la ndugu na ndugu, la jirani na jirani. Walakini tukilifuata nyuma mpaka mwanzo wake, twaona jambo la ajabu: hapo kale halikuwa na maana ya ugomvi hata kidogo. Maana yake ilikuwa kulia na kulalamika, mtu aliyedhulumiwa akieleza shida yake apate kusikiwa.

Kwanza tuondoe jambo moja liwezalo kutupoteza. Katika Kiingereza cha zamani kuna "quarrel" ya pili, iandikwayo vivyo hivyo, nayo ni mshale mfupi mnene wenye kichwa cha pembe nne, uliotupwa kwa upinde wa mtambo. Neno hilo latoka katika neno la Kilatini la kitu cha mraba. Mtu aweza kudhani ya kuwa ugomvi uliitwa hivyo kwa sababu wachoma kama mshale. Ni mfano mzuri, lakini si kweli. Maneno hayo mawili ni kama watu wawili wenye jina moja wasio na udugu.

Ugomvi wa Waingereza asili yake ni katika lugha ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Huko palikuwa na kitendo "queri", maana yake kuomboleza, kunung'unika, kulalamika. Mshairi wao mkuu, Virgil, aliyekufa mwaka 19 kabla ya Kristo, alilitumia neno hilo hata kwa mlio wa bundi aliaye peke yake usiku juu ya dari ya nyumba, katika habari za malkia Dido alipokuwa karibu na kufa. Kila msomaji wetu ajua jinsi mlio ule ulivyo. Katika kitendo hicho likatoka jina "querela", yaani malalamiko.

Lakini Warumi walikuwa watu wa sheria, nao hawakuliacha neno hili juu ya dari pamoja na bundi. Walilichukua mpaka barazani kwa waamuzi. Palikuwa na daawa moja mashuhuri iliyoitwa kwa jina hili, nayo ilihusu urithi. Kwa desturi ya Warumi baba alikuwa na uwezo mkubwa juu ya mali yake, aliweza kumwandikia amtakaye. Walakini kama baba alimnyima mwanawe urithi pasipo sababu ya haki, mwana yule aliruhusiwa kwenda mbele ya waamuzi na kuleta "querela" yake, kwamba wasia ule umesahau wajibu wa mzazi kwa mtoto. Hakulazimika kumshitaki baba aliyekufa kwa uovu. Wasia ulihesabiwa kana kwamba umeandikwa na mtu ambaye akili zake hazikutulia. Waamuzi wakiona ya kuwa mwana ana haki, wasia ulivunjwa. Hata mwaka 542 Kaisari Justinian akatoa sheria iliyotaja sababu 14 ambazo kwazo mzazi aweza kumnyima mtoto urithi, tena akaamuru sababu yenyewe itajwe katika wasia, isiwe siri.

Angalieni hapa jambo moja. Katika habari hii yote hakuna watu wawili wapigao kelele. Yuko mmoja mwenye neno, na wako waamuzi wenye masikio. Hiyo ndiyo iliyokuwa "querela".

Baada ya dola ya Warumi ya magharibi kuanguka, Kilatini cha watu wa kawaida katika nchi ya Ufaransa kiligeuka kidogo kidogo kikawa Kifaransa, na neno letu likawa "querele". Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, akavuka bahari, akaishinda Uingereza, akawa mfalme. Tangu hapo kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na maelfu ya maneno ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza, hasa maneno ya serikali na ya hukumu. Neno letu lilikuwa mojawapo. Katika karne ya 14 twaliona limeandikwa na Waingereza kama neno lao wenyewe.

Nalo liliingia kwa mlango wa mahakama. Katika karne ya 13 waamuzi wa mfalme walizunguka wilaya kwa wilaya kusikiliza mashauri. Kwa kawaida mtu mwenye daawa alipaswa kwanza kununua hati kutoka ofisi ya mfalme, na hati ilikuwa na gharama. Lakini palikuwa na njia nyingine pia. Mtu aliweza kuja mbele ya waamuzi wale pasipo hati, akaeleza dhuluma yake kwa kinywa chake, au kwa karatasi fupi. Na maelezo hayo yaliitwa "querela" katika vitabu vya Kilatini vya mahakama. Basi neno hili lilikuwa mlango wa mtu asiye na hati.

Tena katika zamani za mfalme Edward wa 3, karne ya 14, ikaanzishwa hati iliyoitwa "audita querela", maana yake, malalamiko yamesikiwa. William Blackstone, mwanasheria aliyetoa vitabu vikubwa vya sheria za Uingereza kati ya miaka 1765 na 1769, aliieleza hati hiyo. Ilimfaa mtu ambaye hukumu imekwisha kutolewa juu yake, lakini baadaye limetokea jambo la haki la kumwokoa, kama vile mwenye deni aliyekwisha kusamehewa na mdai wake, naye hakupata nafasi ya kulisema mbele ya waamuzi, na sasa watu waja kutwaa mali yake. Shauri limefungwa, walakini masikio ya mahakama hayakufungwa. Hati hiyo haikufa yote. Katika jimbo la Vermont, Marekani, ingali ikitumika hata leo.

Lakini wakulima wa Uingereza walikuwa na taabu moja. Waliposhitaki au kushitakiwa, walisikia maneno yao yakibishaniwa kwa Kifaransa wasichokijua. Mwaka 1362 Bunge lilitoa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa hakijulikani sana na watu. Lakini maandiko yakaendelea kuwa ya Kilatini, na wanasheria wakaendelea na Kifaransa chao cha vitabuni. Ni sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, iliyoviondoa Kilatini na Kifaransa katika mahakama za Uingereza. Tusiwacheke. Nchini Tanzania Bunge lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo wengi katika mahakama za juu walisikia habari za shamba lao wenyewe zikisemwa kwa Kiingereza. Mtu akisemewa kwa lugha asiyoijua, ni vigumu kwake kuamini ya kuwa amesikiwa.

Sasa twaja katika Maandiko, ambako wasomaji wetu watatambua mahali tunapopapita. Katika Waraka kwa Wakolosai, sura ya 3, mstari wa 13, Mtume Paulo awaagiza Wakristo kuchukuliana na kusameheana, mtu akiwa na jambo la kumlaumu mwenzake. Neno la Kiyunani alilolitumia hapo kwa hilo jambo la kulaumu halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Wafasiri wa Biblia ya Kilatini, iliyotumika Ulaya ya magharibi zaidi ya miaka 1000, waliliandika "querela". William Tyndale alipoifasiri Agano Jipya kwa Kiingereza, ikapigwa chapa mwaka 1526, alilitia neno lile lile katika umbo lake la Kiingereza, "quarrel". Na wafasiri wa mfalme James katika Biblia ya mwaka 1611 wakaliacha hapo hapo.

Biblia hiyo ya 1611 inalo neno hili mahali pengine pia, nasi tutaje matatu. Katika Mambo ya Walawi 26:25 Mungu asema habari za upanga utakaolipa kisasi cha "quarrel" ya agano lake. Yaani agano limevunjwa, na Mwenye agano ana neno juu ya waliolivunja. Katika Marko 6:19 Herodia alikuwa na "quarrel" juu ya Yohana Mbatizaji, na pembeni mwa ukurasa wafasiri waliongeza kwamba yaweza kuwa kinyongo cha moyoni. Yohana hakuwa na ugomvi na Herodia kwa maana ya leo, wala hawakutukanana. Yeye alisema kweli, na mwanamke yule akaliweka moyoni mpaka akapata kichwa chake katika sinia.

Na mahali pa tatu ni 2 Wafalme 5:7. Mfalme wa Shamu alimtuma Naamani mwenye ukoma kwa mfalme wa Israeli pamoja na barua, aponywe. Mfalme wa Israeli aliposoma akararua mavazi yake, akawaambia watu wake watazame jinsi mtu huyu atafutavyo "quarrel" juu yake. Katika barua hapakuwa na neno la shari. Palikuwa na mgonjwa. Lakini msomaji wa barua alikuwa mwenye hofu, naye akaona kisa pasipo kisa. Kama si Elisha kutuma mjumbe, labda damu ingalimwagika kwa sababu ya ombi la dawa.

Mwaka 1881 Waingereza walipotoa tafsiri ya Agano Jipya iliyosahihishwa, waliliondoa neno "quarrel" katika Wakolosai, wakatia neno jingine lenye maana ya malalamiko. Kwa nini? Kwa kuwa katika miaka ile 270 neno lilikuwa limekwisha kubadilika, na msomaji wa kawaida akisoma "quarrel" alidhani Paulo asema habari za watu wanaopigana, naye Paulo alisema habari za mtu mmoja mwenye jambo moyoni mwake. Neno lilikuwa limehama.

Lilihamaje? Wenye elimu ya lugha hutuonyesha hatua zake. Kwanza lilikuwa malalamiko yenyewe. Kisha likawa shauri liletwalo barazani kwa sababu ya malalamiko. Kisha likawa kisa, yaani sababu ya haki ya mtu kusimama juu ya mwenzake. Katika michezo ya Shakespeare mara nyingine hutumika hivyo. Kisha likawa uadui utokao katika kisa. Na mwisho, katika karne ya 16, likawa zogo lenyewe, maneno makali na ngumi na panga. Zamani Mwingereza alisema ana "quarrel" JUU YA mtu. Leo husema ana "quarrel" PAMOJA NA mtu. Badiliko ni dogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa maana: jambo la mtu mmoja limekuwa jambo la watu wawili.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili vizuri kupita Kiingereza. Sisi twasema "kugomba", na mtu aweza kugomba peke yake. Baba hugomba watoto wametawanya kuni, nao wamenyamaza kimya. Lakini tukiongeza silabi moja tu, "kugombana", hapo lazima wawe wawili. Vivyo hivyo twasema "fulani ana neno na jirani yake", wala hatujasema ya kuwa jirani ana neno naye. Na "kushitaki" latoka katika neno la Kiarabu la kulalamika. Hivyo mashitaka yetu na "querela" ya Warumi ni mawazo ya namna moja. Lugha yetu imeyatenganisha yale ambayo Kiingereza kimeyachanganya katika neno moja.

Waingereza nao wana mithali mbili ambazo ukizipanga pamoja waona maana ya kale na maana mpya. Ya kwanza yasema ya kuwa fundi mbaya hufanya "quarrel" na vyombo vyake vya kazi. Shoka haliwezi kujibu. Basi hapo "quarrel" ni kulaumu tu, jambo la mtu mmoja. Ya pili yasema ya kuwa "quarrel" yahitaji watu wawili. Hiyo ni maana mpya. Mithali ile ya pili ni nzuri kwa kuwatuliza vijana wenye hasira, lakini ina hatari yake. Maana mtu aliyedhulumiwa akija na neno lake, ni rahisi kumwambia, Mnagombana ninyi wawili, nanyi nyote wawili mna makosa. Na hivyo aliyelia na aliyemliza wakahesabiwa sawa.

Shakespeare aliwacheka watu wa zamani zake waliofanya ugomvi kuwa elimu. Katika mchezo wake uitwao As You Like It yuko mcheshi mmoja ahesabuye daraja 7 za kugombana kwa kufuata kitabu, kuanzia jibu la adabu mpaka kumwita mtu mwongo usoni. Na asema ya kuwa hata daraja ya mwisho yaweza kuepukwa kwa neno dogo la "kama". Watu hucheka, lakini nje ya mchezo mabwana waliuana kweli kwa mapanga kwa ajili ya neno moja la dharau. Mwaka 1614 Francis Bacon, mwanasheria mkuu wa mfalme, alisimama mbele ya mahakama kuu akanena kwa ukali juu ya desturi hiyo, akionyesha ya kuwa watu wale wajifanyia sheria yao wenyewe mbali na sheria ya nchi. Ndivyo malalamiko yalivyotoka barazani yakaenda uwanjani alfajiri, na upanga ukawa mwamuzi.

Lakini ndugu za neno hili waliobaki karibu na Roma hawakupotea hivyo. Katika Italia hata leo "querela" ni neno la sheria. Kuna makosa ambayo serikali haiwezi kumshitaki mtu kwayo mpaka aliyekosewa mwenyewe alete "querela" yake, na kwa kawaida amepewa miezi 3 ya kuileta. Tena kwa mengi ya makosa hayo aweza kuiondoa, na mwenzake akikubali, shauri limekwisha. Katika Hispania pia "querella" huletwa kwa hakimu. Huko neno bado lakaa barazani.

Labda msomaji atasema, Habari hizi ni za Warumi na Waingereza. Zatufaa nini sisi? Twaona zatufaa sana. Maana katika makanisa yetu iko desturi ya kudhani ya kuwa Mkristo mwema ni yule asiye na neno na mtu. Mtu akileta malalamiko yake huambiwa, "Nyamaza, ndugu, tusilete maneno kanisani." Na wenye kusema hivyo hutaja Wafilipi 2:14, ambapo Mtume atukataza manung'uniko. Ni kweli atukataza. Lakini ile Biblia ya Kilatini yatuonyesha ya kuwa kuna maneno mawili, tena yamekaa jirani. Katika mstari wa 14 limo neno la minong'ono, yaani maneno yasemwayo kwa siri nyuma ya nyumba. Katika mstari wa 15 waumini waambiwa wawe "sine querela", pasipo malalamiko. Na maana yake si kwamba wao wasilalamike, bali kwamba asiwepo mtu mwenye haki ya kulalamika juu yao. Vivyo hivyo Luka 1:6 yasema ya kuwa Zakaria na Elisabeti walikwenda "sine querela" mbele za Mungu. Biblia zetu husema bila lawama. Basi sifa ya mwenye haki si kwamba amewanyamazisha waliao, bali kwamba hakumliza mtu.

Tena Paulo alipoagiza kusameheana hakusema, Msiwe na neno. Alisema, mtu akiwa na neno, na asamehe. Hawezi mtu kusamehe deni ambalo mdaiwa akataa ya kuwa lipo. Naye Bwana Yesu katika Mathayo 5 hakumwagiza mwenye kinyongo asahau. Alimwagiza yule mwingine, aliyeko madhabahuni na sadaka yake, aiache sadaka na kwenda kwanza kupatana na ndugu aliye na neno juu yake. Na katika Mathayo 18 aliyekosewa aambiwa amwendee mwenzake, wawili peke yao kwanza, kisha na mashahidi, kisha kanisa. Hayo yote ni malalamiko yaendayo kwa njia yake.

Twakumbuka jambo moja lililotukia kijijini petu. Mjane mmoja alikuwa akipita njia ya miguu kwenda kisimani, na jirani yake alipopanua ua wa miiba akaifunga njia ile. Mama yule alikwenda kwa wazee wa kanisa mara tatu kueleza ya kuwa sasa azunguka mbali na ndoo kichwani. Mara tatu aliambiwa avumilie, kwa kuwa jirani ni mtu mwema na kanisa halitaki ugomvi. Baada ya mavuno mwanawe alichukua panga akaukata ua. Siku ile ile kijiji kizima kikasema, "Ugomvi umeingia." Wazee wakakutana, nasi tukaitwa kuandika maneno ya baraza. Siku mbili ziliulizwa habari za ua tu: nani aliukata, saa ngapi, miiba mingapi, thamani yake kiasi gani. Jumapili katikati ya siku hizo nyumba hizo mbili zilikaa kila moja upande wake wa kanisa, na watoto wao waliokuwa darasa moja hawakusalimiana.

Siku ya tatu mzee mmoja, aliyekuwa mwinjilisti zamani, akauliza kwa upole, "Kabla ya ua kukatwa, alikuja mtu yeyote hapa na neno?" Pakawa kimya. Tulipofunua daftari la wazee nyuma hatukuona hata mstari mmoja wa habari za njia ya kisima. Mama yule alikuja mara tatu, na kwa daftari hakuja kamwe. Ndipo mzee akasema, "Basi tuanze na neno lililotangulia." Wakaondoka wote wakaenda shambani, njia ikapimwa kwa hatua, jirani akakubali kurudisha ua nyuma, na kijana akajenga upya sehemu aliyoikata. Kazi hiyo haikupita asubuhi moja. Jirani mwenyewe alisema ya kuwa hakuna mtu aliyemwambia tangu mwanzo kwamba mama azunguka mbali hivyo. Alidhani yuko njia nyingine.

Basi katika darasa letu tumejiwekea kanuni. Watoto wawili wakija wameshikana mashati, hatuulizi kwanza nani alianza kupiga. Kila mmoja husema malalamiko yake, na mwenzake hunyamaza; kisha kabla ya kujibu hana budi kwanza kuyasimulia yale aliyoyasikia, hata mwenye neno akiri, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Mara nyingi wakifika hapo hasira imekwisha kupungua nusu, na lililobaki ni kalamu iliyovunjika au jina la matusi, mambo yawezayo kutengenezwa. Si kila malalamiko yana haki; wako watoto, na wako watu wazima, wenye kuona kisa pasipo kisa kama mfalme yule wa Israeli. Lakini hilo nalo hujulikana baada ya kusikiliza, si kabla.

Tena tunao mfano mkuu zaidi, katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilipokuwa bado changa, Wayahudi wenye kusema Kiyunani walinung'unika ya kuwa wajane wao wanasahauliwa katika posho ya kila siku. Mitume wangaliweza kuwaambia, "Nyamazeni, msilete fitina katika nyumba ya Mungu." Hawakusema hivyo. Waliwakusanya watu wote, wakalikubali neno kuwa neno, wakawaagiza kuchagua watu 7 wa kuisimamia kazi ile. Na tukisoma majina ya wale 7, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia, twaona yote ni majina ya Kiyunani. Waliolalamika walipewa sehemu katika kazi yenyewe. Na Luka amalizia kwa kusema ya kuwa baada ya hayo neno la Mungu lilienea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Ndugu wasomaji, neno "quarrel" lilichukua karne nyingi kutoka katika kilio mpaka zogo. Katika kijiji safari hiyo hiyo huweza kukatwa kwa mwezi mmoja, kama tulivyoona. Basi twawasihi wazee wa kanisa na wazee wa vijiji, mtu akija na neno mlisikilize siku ile ile, mkaliandike katika daftari hata likiwa dogo, mkamwite na mwenzake asikie kwa masikio yake mwenyewe. Nasi tulio na neno na jirani, tulipeleke kwake kabla halijafika sokoni. Na aliye na sadaka mkononi akakumbuka ya kuwa yuko mtu njiani aliaye kwa ajili yake, na ageuke kwanza aende kwake. Mungu atujalie masikio ya kusikia.